"Mwenyekiti, Pita Mbele": Kisa cha Chama Kimoja cha Korosho Tandahimba

Mwenyekiti ninayemzungumzia hapa hakuiba. Naanza na hilo kwa sababu huku Mtwara ukitaja mwenyekiti wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini, kisha ukasema kuna kisa, msikilizaji anakimalizia mwenyewe: amekula hela za wakulima. Huyu hesabu zake zilikaguliwa zikakutwa safi, na sijasikia mtu kijijini akimtuhumu kwa gunia hata moja. Kosa lake lilikuwa jingine, dogo kwa kulitazama na zito kwa aliyeumizwa nalo, na lilimjia polepole, mikononi mwa watu waliompenda. Jina lake, la kijiji na la chama nayaacha. Watu wote wa kisa hiki bado wanaishi pamoja na wanazikana.

Kijiji kiko Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde. Kwa asiyeujua utaratibu: tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hamfuati mnunuzi. Anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, karani anaukagua na kuupima, anaandikiwa stakabadhi, kisha lori linaubeba hadi ghala kuu. Chama kikuu, ambacho kwa Tandahimba na Newala ni TANECU, kinausimamia mnadani, na fedha zinaingia benki makato yakishatoka. Minada hufuatana msimu mzima na bei haitulii. Siku ambayo mzigo wako unapandishwa kwenye lori ndiyo inayoamua utaingia mnada upi, na kwa bei ipi.

Katika safari yote hiyo ndefu, mkulima anaona kwa macho yake kipande kimoja tu: mizani ya kijijini. Mnunuzi hamjui. Ghala kuu wengi hawajawahi kuingia. Anachokiona ni foleni, karani na mwenyekiti. Pale ndipo anapojifunza kama chama ni chake au ni cha wakubwa.

Bodi iliyotangulia iliondolewa na mkutano mkuu baada ya msimu wa upotevu, korosho zimepokelewa kijijini lakini uzito haukufika wote ghala kuu. Wanachama wakatafuta mtu asiye na makuu, wakampata huyu: mkulima wa kawaida, baiskeli yake moja, mikorosho aliyorithi kwa mama yake, mzungumzaji wa taratibu. Msimu wa kwanza aliwashangaza. Alikuwa ghalani kabla ya karani kufika. Kila mnada ulipomalizika alibandika bei kwenye ubao, kisha jioni alisimama na kuyasoma makato moja moja: ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama, usafiri, magunia, hadi shilingi ya mwisho. Wapo wazee walioniambia kwamba ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia makato yakisomwa bila wao kuuliza. Na korosho zake mwenyewe zilipimwa jioni, za watu zikishakwisha.

Watu wakampenda, na mapenzi hayo ndiyo yalianza kumharibu. Waswahili walikwisha kusema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku kwetu, ambako msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, hauishi bila uraka, pombe yake, methali hiyo haihitaji maelezo.

Msimu wa pili ulianza na kiti. Vijana wa kupakia walimletea kiti cha plastiki, wakakiweka chini ya paa la ghala, na hakuna mwingine aliyekikalia hata kikiwa kitupu. Kisha alipofika na mkokoteni wake, mtu wa mbele kwenye foleni akasema, "Mwenyekiti, pita mbele, wewe una safari ya Tandahimba mjini." Kweli alikuwa na safari. Akapita, akashukuru. Mara iliyofuata hakuwa na safari, wakampisha vilevile. Ikafika mahali mkokoteni ukija na mwanawe tu, yeye hayupo, unapishwa. Kisha wa shemeji yake. Karani naye, aliyekuwa akifungua gunia la kila mtu na kuingiza mkono hadi chini kutafuta korosho mbichi, magunia ya nyumba ile akawa anayagusa juu tu na kuandika daraja la kwanza.

Hapa nataka kumtaja mkewe, kwa sababu wachambuzi wengi wa mambo ya uongozi wangempita. Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya miaka mingi, na foleni ya ndoo ni kitu ambacho kila mtoto anakijua sheria zake. Ndoo inasimama badala ya mwenyewe. Ukiondoka kwenda kupika, ukirudi unaikuta palepale ilipofika, na anayeisogeza atasutwa hadi ajute. Msimu ule wanawake walianza kumwambia mke wa mwenyekiti alete ndoo zake mbele. Alikataa. "Ndoo yangu imefika saa ngapi? Basi ikae ilipofika." Hakusema kwa hasira, na hakutoa hotuba. Alikaa chini na wenzake akaendelea na mazungumzo. Nyumba moja, heshima ileile ikawagongea hodi wote wawili, mmoja akaifungulia na mwingine akaiacha nje.

Tukio lenyewe lilitokea mvua zilipoanza. Ghala la kijiji lilikuwa limejaa, lori limechelewa, na mizigo ya watu imepangwa uani ikisubiri. Miongoni mwao alikuwemo bibi mmoja mjane mwenye magunia mawili. Gunia la korosho hubeba kama kilo 80, kwa hiyo mwaka wake mzima wa palizi, kupuliza salfa na kuokota ulikuwa kwenye kilo 160 hivi. Alikuwa amelala ghalani na mjukuu wake, na zamu yake ilikuwa imekaribia. Lori lilipofika, ikaja pia mikokoteni ya shemeji wa mwenyekiti. Ikapishwa. Ghala likajaa tena, mizani ikafungwa, na usiku ule mvua ikanyesha. Korosho zilizolowa huingia madoa na unyevu wake hupanda. Bibi akazianika upya, akazichambua, akarudi nazo. Karani akaziandika daraja la pili, na kwa upande wa vipimo alikuwa sahihi. Mnada aliokusudia kuuwahi ukawa umempita.

Mwenyekiti hakuwepo siku hiyo. Hakuagiza mtu apishwe. Hakujua hata kama shemeji yake amekuja.

Yule bibi hakwenda kwa mwenyekiti, wala kwa mtendaji wa kijiji, wala kwa afisa ushirika wa wilaya. Alikwenda kwa mjomba wake mwenyekiti. Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao wa asili unafuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtu, hata mtu huyo awe na cheo gani serikalini. Mzee huyo hajui kusoma na wala hakuwa na wadhifa wowote kwenye chama. Alimwita mpwa wake jioni, akamkalisha barazani, na mazungumzo yao nimeyasikia kutoka kwa wote wawili, hayapishani.

"Mjomba, mwaka jana korosho zako zilipimwa saa ngapi?"

"Sikumbuki, mjomba."

"Mimi nakumbuka. Magharibi, baada ya watu wote. Na mwaka huu?"

Mwenyekiti akamweleza kwamba hajawahi hata siku moja kumwomba mtu ampishe. Mzee akamjibu, "Na hujawahi kukataa."

Kwangu mimi kisa chote kiko kwenye jibu hilo. Tukizungumzia unyenyekevu wa kiongozi huwa tunatazama tabia za nje: anasalimia, hapandishi sauti, anakaa na watu msibani, anakula nao ugali wa muhogo. Mwenyekiti huyu yote hayo alikuwa nayo, na anayo hadi leo. Hata msimu ule wa pili, mtoto akimwamkia "shikamoo" alisimama akaitikia. Upole wake haukupungua hata kidogo, lakini foleni ilikuwa tayari imepinda kumzunguka. Mtu anaweza kuwa mnyenyekevu wa maneno huku watu wakiumia kwa uzito wa cheo chake, na asijue, kwa kuwa wanaomzunguka wanamwonyesha nyuso za furaha tu. Ndiyo maana kwa mwenye madaraka kutodai makubwa hakutoshi. Inabidi akatae kwa mdomo wake kile anachopewa bila kudai, tena akatae mapema, kabla hakijawa mazoea ya karani, ya mwanawe na ya shemeji.

Kwa nini hakuna aliyesema? Nimewauliza wengi, na majibu hayafanani. Karani ana mkataba wa msimu na anayeusaini ni mwenyekiti. Hilo halihitaji ufafanuzi. Wajumbe wa bodi nao walikuwa wameanza kupishwa, kwa hiyo wangekemea nini? Lakini wanachama wa kawaida, ambao hawakuwa na cha kuogopa wala cha kupata, walinipa sababu iliyonigusa zaidi: waliona aibu. Mtu aliyewatoa kwenye upotevu, aliyewasomea makato yao jioni baada ya jioni, unamwambiaje arudi nyuma kwa sababu ya mkokoteni mmoja? Wema wake wa msimu wa kwanza ukawa deni walilolilipa kwa kunyamaza msimu wa pili. Kiongozi mbaya watu humsema vichochoroni. Kiongozi mzuri anapoanza kuteleza, hata vichochoroni hawamsemi.

Kuna jambo la zamani linalonisaidia kuelewa uzito wa hili. Wamakonde hawakuwa na mfalme. Kila eneo lilikuwa na mkulungwa wake, mkubwa wa watu wake tu, na mtu aliyechoshwa naye aliweza kuondoka na ndugu zake akafungue makazi mengine mbele ya safari. Mkulungwa alijua hilo, na bila shaka lilimfanya awe mwangalifu na midomo ya watu. Mkulima wa korosho wa leo hana mlango huo. Akichukizwa na foleni ya chama chake, njia iliyobaki ni kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi nje ya mfumo kwa bei ya kutupa, na hiyo ni kinyume cha sheria. Mtu asiye na pa kwenda humvumilia kiongozi wake kupita kiasi, na uvumilivu huo kiongozi huutafsiri kuwa ni kuridhika.

Uvumilivu nao una mwisho. Aprili 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, wakulima walipoona malipo ya korosho zao yamekuja pungufu, nyumba za viongozi kadhaa, wa ushirika wakiwemo, zilichomwa moto. Sisemi kijiji cha kisa hiki kilikuwa kimefika huko, hakikukaribia. Ila kila mwenyekiti wa chama cha msingi kusini mwa nchi hii anaikumbuka Liwale, na wengi wamejifunza somo moja tu, la kuongeza walinzi.

Nchi yetu haikukosa maneno ya kulisemea jambo hili. Mwanachama wa TANU, chama kilichotawala baada ya uhuru, aliahidi kwamba cheo ni dhamana na kwamba hatatumia cheo chake wala cha mtu mwingine kwa faida yake. Watu wazima wanaikariri ahadi hiyo hadi leo, lakini wanapitiwa na kipande cha pili: wala cha mtu mwingine. Shemeji aliyepita mbele na mikokoteni yake alitumia cheo cha mtu mwingine. Na Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara yake ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, ukataka pawe na juhudi za makusudi za kujenga usawa kati ya kiongozi na anaowaongoza. Makusudi, maana wenyewe hauji. Wafanyakazi wa viwandani waliichukua ibara ile kwa uzito kiasi cha kuwafungia mameneja nje ya mageti. Mwenyekiti wetu alikuwa akiyajua maneno haya tangu utoto. Kuyajua hakukumsaidia pale mkokoteni wake ulipopishwa, kwa sababu pale hapakuwa na mtu wa kumkumbusha.

Baada ya kuongea na mjomba wake, mwenyekiti alifanya jambo ambalo wengi wangelisifu na mimi sikulipenda. Alipiga hesabu ya tofauti ya daraja la kwanza na la pili kwa zile kilo 160, akatoa fedha mfukoni mwake, akamtuma mwanawe usiku azipeleke kwa bibi. Bibi akazirudisha. "Mwambie baba yako, mimi sikumkopesha."

Alikuwa na haki. Kilichopotea pale ghalani kilikuwa haki ya mwanachama, na fedha za usiku zingeigeuza kuwa hisani ya mkubwa. Angezipokea, angekuwa na deni la shukrani kwa mtu yuleyule ambaye mizani yake ilimwangusha. Kijiji kingesema mwenyekiti ana huruma, na foleni ingebaki imepinda vilevile. Ukarimu wa mwenye madaraka una hatari hiyo: unampandisha zaidi palepale anapopaswa kushuka. Na kosa lililotendeka hadharani, mbele ya watu wa foleni nzima, halifutwi kwa bahasha ya gizani.

Nilikuwepo kwenye mkutano wa wanachama uliofuata kwa sababu nilikuwa nimealikwa kuizungumzia Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, hasa pale inapoweka mkutano mkuu kuwa chombo cha juu kuliko bodi. Mada yangu haikupata nafasi, na sijutii. Mwenyekiti alisimama akakieleza kisa chote mwenyewe, akataja shemeji yake, akaomba kiandikwe kwenye muhtasari. Mwanachama mmoja akainuka kwa hasira: "Mnamdhalilisha mwenyekiti wetu kwa magunia mawili!" Wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti akamwomba akae, akasema magunia mawili ndiyo yaliyomleta pale.

Hoja nzito zaidi ilitoka kwa mzee mmoja, na haikuwa ya kumbembeleza mtu. Alisema kiongozi ana safari za chama kikuu, ana vikao, ana simu za wilayani. Akilala kwenye foleni kama wengine, kazi ya chama itafanywa na nani? Ni hoja ya kweli. Kiongozi hafanani na wengine kwa majukumu, na kujifanya kwamba anafanana ni uongo mwingine. Mke wa mwenyekiti ndiye aliyeijibu, kwa sentensi moja: mwanetu atalala na mzigo, kama watoto wa wenzetu wanavyolala.

Kisha yule bibi akauliza jambo lililobadilisha kikao. "Kwenye maji mbona tunaweza?"

Ukumbi ukacheka, halafu ukaanza kufikiri. Saa nzima iliyofuata watu walikuwa wakiihamisha foleni ya ndoo kwenda ghalani. Kila mzigo unaofika upewe namba, iandikwe kwa rangi kwenye gunia lenyewe, mwenyewe awepo au asiwepo. Orodha ya namba isishikwe na karani wala mjumbe wa bodi. Waliteuliwa wanachama watatu, wawili wanawake, kwa zamu. Chama kinunue maturubai ya kufunika mizigo ya uani. Magunia ya mwenyekiti na ya wajumbe wa bodi yafunguliwe na kukaguliwa mbele ya watu wa foleni, hadi chini, kama ya wengine. Na tofauti ya fedha ya bibi ilipwe na chama, itajwe kwenye hesabu, mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, akija aione imeandikwa ni ya nini. Kuhusu kiti hakuna aliyependekeza kitu. Siku iliyofuata nilikikuta kimekaliwa na mama mjamzito.

Msimu uliopita utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa si bila misukosuko. Shemeji alipeleka mzigo wake kwenye chama cha kijiji jirani kwa hasira, na bado hawasalimiani vizuri na dada yake. Mara moja wasimamizi wa namba walimpisha mgonjwa, watu wakalalamika, na ikabidi jambo hilo nalo lijadiliwe na kuandikwa. Mwenyekiti ameurudisha usomaji wa makato jioni, lakini sasa anayesoma ni mwanachama yeyote atakayenyoosha mkono, na yeye anakaa chini na waulizaji. Aliniambia kwamba akisoma mwenyewe, watu wanauliza kwa adabu mno.

Kilichobaki ni karani. Mkataba wake bado unasainiwa na mwenyekiti, na maadamu ni hivyo, mkono wake utaendelea kuwa mwepesi kwenye magunia fulani siku ambayo wasimamizi wa namba hawatakuwa makini. Kuna ajenda iliyopendekezwa kwa mkutano mkuu ujao: karani aajiriwe kwa usaili wa wazi, na akiachishwa kazi katikati ya msimu, sababu isomwe mbele ya wanachama. Wajumbe wawili wa bodi wanaipinga kwa madai kwamba itamfanya karani asiwe na adabu. Mwenyekiti amesema ataiunga mkono, ila amekataa kuiwasilisha yeye. Anataka itoke kwa wanachama, na hadi sasa waliotia saini kuiombea nafasi ni wachache kuliko wanaohitajika.